Je, mama yangu alisaidiwa au alitumiwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 29, naishi Mbagala. Nilikuwa afisa mradi kwenye asasi moja ya wanawake hapa Dar es Salaam, mradi ukafungwa mwaka 2025 fedha za Marekani zilipokatwa. Sasa nasoma shahada ya pili masomo ya jioni. Mhadhiri wetu anasema miradi ya kuwaendeleza wanawake ni ukoloni uliobadili nguo, na darasa zima lilimpigia makofi. Mimi nilinyamaza. Mama yangu ni muuza vitumbua. Tangu nikiwa darasa la pili mpaka namaliza kidato cha nne alikuwa kwenye kikundi cha mikopo kilicholetwa na mradi, na ada yangu ilitoka humo. Je, mama alisaidiwa au alitumiwa? Na nikipata tena kazi ya mradi, niikubali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza pole ya kazi. Mwaka ule uliwamwaga vijana wengi hapa mjini, na wapo walioondoka na mkoba wa semina na fulana yenye nembo, basi.

Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na mhadhiri wako amejibu moja tu. Yeye anasema mradi ulitoka wapi. Wewe unataka kujua mama alifanya nini nao. Nianze na la kwake, maana lina mizizi, ila makofi yamelifanya jepesi.

Mwaka 1970 Ester Boserup, mchumi wa Denmark, alitoa kitabu kilichobadili usemi wa wafadhili. Alichosema bibi yako angemwambia bure: sehemu kubwa ya Afrika mkulima ni mwanamke, na wakoloni walipoleta mazao ya biashara, pamoja na mafunzo na zana zake, walimkabidhi mwanamume. Mwanamke akabaki na jembe la mkono na shamba la chakula. Nenda Kilimanjaro ukatazame. Ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, ulianza mwaka 1933, kahawa ikaandikwa kwa jina la baba, na mama aliyeipalilia akabaki na ndizi zake. Baada ya Boserup mambo yakaenda mbio. Mwaka 1973 Marekani iliingiza suala la wanawake kwenye sheria yake ya misaada, mwaka 1975 Umoja wa Mataifa ukaitisha mkutano wa kwanza wa wanawake Mexico, kisha ukatangazwa muongo mzima wa wanawake, 1976 hadi 1985. Kila andiko la mradi likawa na sura ya wanawake, mara nyingi ile ya mwisho, kabla ya viambatanisho.

Ndipo wanawake wa nchi zetu wakaanza kuuliza: huyo mwanamke mnayemwandika ni nani? Mwaka 1984 Chandra Talpade Mohanty, msomi mzaliwa wa Uhindi, aliandika makala inayosomwa mpaka leo. Hoja yake ni kwamba wasomi wa Magharibi walikuwa wanatengeneza mwanamke mmoja tu wa dunia ya tatu: maskini, hakusoma, kafungwa na mila, anangoja. Wakimtazama huyo, wao wenyewe wanajiona huru. Umemwona mwanangu, yuko kwenye kalenda za asasi. Kavaa kitenge, ana ndoo kichwani, mtoto mgongoni, anatazama mbali. Hana jina. Hana chama cha siasa wala deni kwa Mangi wa duka la mtaani, na hakuna mtu aliyegombana naye wiki hiyo.

Msidhani hoja hii ni ya vyuo vya Ulaya na Marekani peke yake. Watafiti wanawake wa Afrika waliunda umoja wao Dakar mwaka 1977. Hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwepo Ruth Meena, alikuwepo Marjorie Mbilinyi, mzaliwa wa Marekani aliyechukua uraia wetu (kwa wale wanaopenda kupima hoja kwa rangi ya msemaji, huyo anawasumbua kidogo). Mwaka 1993 ikaanzishwa TGNP, mtandao wa kutetea usawa wa jinsia, na semina zake za kila Jumatano pale Mabibo zimewakutanisha mama wa sokoni na mwenye shahada ya tatu kwenye benchi moja.

Sasa nikueleze kilichonifumbua macho mimi, maana sikufumbuliwa na makala.

Katikati ya miaka ya 1990 nilichukua kazi ya ushauri: kuhoji wanawake wenye biashara ndogo hapa Dar. Dodoso lilikuwa na kurasa nane, limetafsiriwa kutoka Kiingereza, na unasikia Kiingereza kikikohoa ndani yake. Asubuhi moja nikamkuta mama lishe pale Feri. Nikamuuliza swali la kwanza: mkuu wa kaya ni nani? Akajibu, mume wangu. Yuko wapi? Tunduma. Tangu lini? Huu mwaka wa tatu. Analeta matumizi? Akacheka, akageuza samaki kwenye karai. Tukaenda mpaka swali la tano: unafanya kazi gani? "Mimi sina kazi, mwalimu." Alisema hivyo mkono mmoja ukichochea moto, mwingine ukihesabu chenji ya kuli, na mguu ukimsukuma paka. Nikaandika kama nilivyofundishwa. Mkuu wa kaya: mume. Ajira: hana. Kwenye ripoti akatokea kuwa mama wa nyumbani anayehitaji kuhamasishwa ajiingize katika shughuli za kiuchumi.

Kalamu ilikuwa yangu. Si ya mzungu yeyote.

Huyo mkuu wa kaya ana historia. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba hapa kwetu mwaka 1898, walihesabu vibanda. Mwenye wake watatu ana nyumba tatu, analipa mara tatu. Mwanamke akaingia kwenye daftari la serikali kama nyumba ya mtu. Waingereza wakaja wakaendelea na kodi yao, na uhuru haukulichana hilo daftari. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, huku wanaume wa vijijini wakiwa likizo nusu ya maisha yao. Maneno makali hayo kwa chama kilichokuwa kinaongozwa na wanaume. Lakini ilipofika Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, 1973 mpaka 1976, viwanja viligawiwa kwa kaya, na kaya ina mkuu wake.

Hapo mhadhiri wako bado yuko sawa. Hapa panapofuata ndipo watu wa upande wake hupita mbiombio.

Tangu mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, mtu akitaka kumnyamazisha mwanamke anayedai chake humwambia, "Hayo mambo ya Beijing usiniletee hapa." Wanasahau kwamba katibu mkuu wa mkutano ule alikuwa Gertrude Mongella, mtoto wa Ukerewe. Kinachosemwa ni kwamba haki ya mwanamke kurithi au kuuza ardhi ni ya kizungu, na yetu ni mila. Haya, tuifuate hiyo mila mpaka nyumbani kwake.

Sheria za kimila za urithi ambazo mahakama zetu huzisoma zilitangazwa na serikali mwaka 1963. Aliyepewa kazi ya kuziunganisha ni Hans Cory, mzaliwa wa Austria, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Huyu mwaka 1945 alikuwa ameshatoa, pamoja na mwenzake Hartnoll, kitabu cha sheria za kimila za Wahaya. Alikaa na wazee, hasa wa kiume, akawauliza: kwenu nani hurithi nini? Nao wakamjibu kama mzee yeyote wa kiume angejibu akiulizwa na serikali huku karani anaandika. Kabla ya hapo mila ilikuwa inajadiliwa kikaoni. Iliweza kupinda kidogo kwa binti aliyemuuguza baba yake miaka sita, au kwa shangazi ambaye hakuna mwanaume wa ukoo aliyethubutu kumkatiza. Ikishaandikwa haipindi tena. Mtoto wa kiume wa kwanza akawa daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, mabinti la tatu. Na mwanamke akirithi ardhi ya ukoo, ataitumia tu, hataiuza.

Mwaka 1988 mwanamke mzee wa Kagera aliiuza. Shamba alilirithi kwa baba yake, kwa wosia. Umri ulikuwa umekwenda, hana wa kumtunza, akaliuza kwa Sh 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakama ya mwanzo, akashinda, kwa sababu kitabu kilisema hivyo. Shauri likapanda mahakama ya wilaya, kisha Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke huyo alikuwa na haki ya kuuza kama mwanaume yeyote. Alisimama juu ya haki za binadamu zilizokuwa zimeingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, na juu ya mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeridhia.

Hebu nionyeshe, mkoloni kwenye kesi ile ni nani? Mwanamke aliyetumia mkataba ulioandikwa New York, au mwanaume aliyetumia mila iliyoandikwa na ofisa wa Mwingereza? Nimewauliza wanafunzi swali hili kwa miaka mingi, na kila darasa kuna kijana mmoja hukasirika. Wala usidhani hadithi iliishia kwa furaha. Sheria ile ya 1963 haikufutwa. Wajane wawili waliofukuzwa na mashemeji waliipinga Mahakama Kuu, mahakama ikakubali kwamba ina ubaguzi lakini mwaka 2006 ikakataa kuifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania ilikiuka wajibu wake.

Kwa hiyo mtu akikwambia tatizo ni ugeni, mwulize ugeni upi. Msomi wa Nigeria, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, aliandika mwaka 1997 kwamba kwa Wayoruba wa zamani umri ulikuwa na uzito kuliko jinsia, na akaonyesha kwamba lugha yao haina neno la kumtenga "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Wanafunzi wangu hufurahi sana hapo, kwa kuwa Kiswahili nacho hakina, na shikamoo haiulizi wewe ni mke au mume. Kisha nawaambia waseme kuhusu ndoa. Juma ameoa. Asha ameolewa. Kimya kinaingia. Lugha hiyohiyo, na hakuna mfadhili aliyeileta.

Na tukirudi hapa mjini, hata pale tunapojivunia kuna mkono wa nje uliogusa. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alikuja Dar es Salaam, akauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Hawakuwa na jibu la kumridhisha. Wakaenda kumtafuta Bibi Titi Mohamed. Swali lilikuwa la mgeni, lakini Bibi Titi hakwenda kwa wanawake na semina. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, Bomba, na mji ulikuwa umejaa vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, vyenye viongozi wao, michango na sare, na ushindani wa kukesha. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi, na kwa miezi michache wanawake waliingia chamani kwa maelfu. Serikali ya kikoloni wakati huohuo ilikuwa inawafungulia wanawake vilabu vya kushona na kupika ili "waendelee". Ilikuwa inasikia ngoma kila Jumamosi na haikujua inasikia nini.

Basi tuje kwa mama.

Mikopo midogo ya vikundi ilipata jina kwa Muhammad Yunus wa Bangladesh, aliyeanza majaribio mwaka 1976 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Huku kwetu ilishamiri miaka ya 1990. Tazama ilikuja baada ya nini. Mwaka 1986 Tanzania ilisaini na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa, ruzuku zikakatwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama hospitalini. Ila mishahara ilikuwa imeshakufa kabla ya hapo, na wanawake wa Dar walikuwa wameshatoka: uji, maandazi, barafu, ubuyu. Mradi ulipomfikia mama yako haukumkuta amekaa. Ulimkuta saa kumi alfajiri anaumua unga.

Kumbuka nawe jinsi kilivyokuwa kile kikao cha marejesho, nadhani ulipelekwa ukiwa umeshikwa mkono. Wanawake watano watano, kila watano wanadhaminiana. Afisa mikopo anafika na pikipiki na daftari, hakai mpaka wote wafike. Mmoja akikosa rejesho, hakuna anayeondoka. Vitumbua vinapoa ndani ya beseni. Mwishowe wanachangishana, na aliyekosa anajua kwamba jioni watapita kwake kuangalia kochi na redio. Wanasema wanawake ni walipaji wazuri. Ni kweli. Ila dhamana iliyowekwa pale ilikuwa aibu, na mwenye aibu ya kuonekana mtaani ni yule ambaye hawezi kukimbilia Tunduma.

Mimi hapo ndipo naona hoja ya mhadhiri wako inapata nyama, kuliko kwenye ile picha ya kalenda. Mama alikopa ili akuze biashara, hivyo ndivyo fomu ilivyosema. Wewe unaniambia ada ilitoka humo. Ulimaliza kidato cha nne kabla ya mwaka 2016, wakati ada ya shule ya serikali ya kutwa ilikuwa Sh 20,000 kwa mwaka, na juu yake michango, dawati, mlinzi, madaftari, sare. Maana yake mama alikopa kwa riba kulipia kitu ambacho mwaka 2016 serikali iliamua kisiwe na ada. Deni la nchi lilishushwa mpaka likafika kwenye karai lake. Hakuna aliyemwonea kwa kumpa mkopo. Alionewa kwenye mkutano ambao hakuna muuza vitumbua aliyealikwa, miaka kabla ya kikundi chake kuzaliwa.

Alisaidiwa, basi? Ndiyo. Alitumiwa? Ndiyo pia, kidogo, na alijua. Kama kuna kundi la watu hapa Dar wanaojua hesabu ya msaada ni wanawake wa vikundi. Walichukua mkopo wa mradi, pembeni wakaendesha upatu wao ambao afisa hakuuona, na pesa ya upatu ikaziba rejesho. Wataalamu wengine walijifunza kutoka huko: mwaka 1991, Maradi nchini Niger, shirika moja la misaada lilichukua mtindo wa wanawake wenyewe wa kuchangiana, likaongeza sanduku, daftari na taratibu, likauita kwa Kihausa jina lenye maana ya wanawake wenye mbinu. Jamaa wa mtindo huo ndio hivi vikoba vyetu vyenye sanduku la kufuli tatu na washika funguo watatu. Nikisikia mtu anasema vikoba vililetwa kuwafundisha wanawake kuweka akiba, natamani bibi yangu afufuke dakika tano tu.

Kausha damu ni jambo jingine, usilichanganye na la mama. Hawa wanaokopesha leo na kukusanya kila siku jioni, wakichukua kadi yako ya benki na kitambulisho, hawajifichi nyuma ya neno maendeleo. Ni biashara, na nyingine haina hata leseni.

Umefanya kazi kwenye asasi, kwa hiyo maneno unayajua. Mlengwa. Hebu likae mdomoni: aliyelengwa, kama ndege wa manati. Kuwezeshwa. Wanawake wakiwezeshwa wanaweza, tumeliimba kwenye kila Machi 8 mpaka wanawake wenyewe wakaligeuza: tunaweza hata bila kuwezeshwa. Silichukii neno hilo, lakini muundo wake unadai awepo mtu wa pembeni mwenye uwezo wa kugawa. Kwenye ripoti zako jaribu kuandika "aliamua", "alikataa", "alidai", uone ni sentensi ngapi zinabaki.

Mfano wa sasa hivi ni nishati safi ya kupikia. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034, na Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris juu ya jambo hilo mwezi Mei mwaka huohuo. Moshi ni tatizo la kweli, macho ya mama lishe yeyote yatakuambia, na sina subira na wanaosema gesi ni ajenda ya wageni huku wao wanapikiwa. Lakini kakae dakika kumi kwa muuza mkaa wa Mbagala kwenu. Watu wananunua kwa kopo. Kopo moja la mchana, jingine la usiku, kwa kuwa hela inaingia kwa vitumbua, haiingii kwa mwezi. Mtungi hauuzwi kwa kopo. Mtungi wa bure wa kampeni ukiisha gesi unageuka kuwa kigoda, nimeukalia mwenyewe Yombo nikimsubiri mwenyeji wangu. Kampeni inazungumza juu ya elimu na mazoea ya wanawake. Mwenye jiko anazungumza juu ya chenji. Kuna wauzaji wameanza kuuza gesi kwa kiasi kidogo kidogo kwa kutumia mita, na nadhani huyo aliyewaza hivyo alimsikiliza mtu.

Kazi ya mradi ukiipata, ikubali. Kodi ya nyumba hailipwi kwa nadharia, na mhadhiri wako naye, kama mimi enzi zangu, pengine ana kazi ya ushauri pembeni. Ila siku ya kwanza omba andiko la mradi lote, usiridhike na muhtasari wa kurasa mbili. Soma sehemu ya maelezo ya tatizo, uangalie tarehe yake na tarehe ya kikao cha kwanza na wanawake wenyewe. Mara nyingi tatizo lina umri mkubwa kuliko kikao. Kisha nenda kwenye bajeti, jumlisha hoteli, posho na mafuta ya gari, ulinganishe na kile kinachofika kwenye kikundi. Mimi niliwahi kufanya hesabu hiyo kwenye mradi mmoja niliofanyia kazi, nikaifunga ile karatasi nikaenda kunywa chai. Sikusema kitu, na mkataba wangu uliongezwa. Wewe usiwe kama mimi.

Na muda wako usiumalizie wote kwa wafadhili wa nje. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Serikali iliusimamisha utaratibu huo mwaka 2023 ili iupange upya, baada ya malalamiko ya vikundi hewa na marejesho kupotea, ukarudi mwaka 2024. Hizo si fedha za Washington wala za Brussels. Ni ushuru wa soko, ni leseni, ni huyohuyo mama anayelipia meza yake. Mwanamke anayekwenda ofisi ya kata kuuliza kwa nini kikundi chao hakikupata si mlengwa wa mtu, anadai hela yake. Ajabu ni kwamba wakosoaji wengi wa ukoloni mamboleo hawajawahi kukanyaga kikao cha baraza la madiwani.

Darasani, ukitaka kusema, usianze na Mohanty, wameshamsoma. Muulize mama kama bado analo daftari la kikundi. Wengi wanalo, limo kabatini pamoja na vyeti vya watoto na kadi za kliniki. Tazama kurasa za nyuma, zile ambazo afisa mikopo hakuwa anazikagua. Utakuta mchango wa msiba wa fulani, wa mwali wa fulani, wa aliyelazwa Temeke, na majina mengine yamekatwa mstari kwa kalamu ya rangi tofauti. Mwambie akueleze kila mstari, na umwache amalize hata kama vitumbua vitaungua.